Ng'ombe Yenye Kuitwa Matumbawe

Nianze na nyama, ju njo kitu kinaniuma. Siku projet ya bahari ilifunga kazi yake huku kwetu Bukavu, tuliahidiwa ng'ombe nzima. Na hiyo ng'ombe niliiona na macho yangu. Nilivuta kamba yake, nilisukuma matako yake kwenye mulima, ikanikanyaga kidole ukucha ukatoka. Lakini saa ya kula ilipofika, mimi Hervé, pilote wa mutumbwi ya projet, niliwekewa wali na maharagi. Ng'ombe yenyewe ilikuwa inapanda kilima pole pole, mukia unapepea, haina neno na mutu. Aliyenifanyia hivyo ni shemeji yangu Apolline. Ukitaka kujua ilifikaje pale, lazima kwanza nikueleze huyu mwanamuke iko mutu wa namna gani. Na nieleze mimi, ju akieleza mwenyewe atajisifu mupaka kesho.

Apolline ni muke wa kaka yangu Josué, Mungu amulaze pema. Alizaliwa Walungu, kwa watu wa mashamba na ng'ombe, watu ambao maji wanayoyajua ni ya mvua. Siku tulimuleta Bukavu kuolewa, alisimama pale barabara inapoanza kuteremuka, akaona Ziwa Kivu lote limelala chini, akauliza, "Na hii yote munaifanya nini?" Josué akajibu kwamba tunavua samaki. "Aah bon," akasema, na tangu siku hiyo hajaliamini ziwa. Ameishi kwa sambaza, zile samaki zetu ndogo ndogo, tangu aolewe, amesomesha watoto kwa sambaza, lakini sambaza yenyewe hakuli. Anasema inamuangalia. Kuingia majini ni mupaka kifundo cha mguu, zaidi ya hapo ni dhambi. Mutumbwi, usimutajie.

Kimo Mungu alimubania, akafidia kwa mudomo. Akikusalimia asubuhi utafikiri anakushitaki. Wanunuzi wa Kadutu, watu wenye wanagombana na kila mutu sokoni, wakifika kwenye meza yake wanakuwa wapole kama watu wa komunio ya kwanza. Nilimuona siku moja akimurudisha polisi aanze upya, eti aliuliza bei bila kusema bonjour. Polisi alirudi nyuma, akasema bonjour.

Meza zake ziko Kanyenge, kona ndogo ya ziwa chini ya kilima chetu. Mawe makubwa yameingia majini, majani marefu yamesimama kando, na juu kidogo kuna ukingo wa muchanga ambako alipanga meza za miti za kuanikia. Juu ya zile meza sambaza zinakauka, na juu ya zile sambaza nyumba ya marehemu kaka yangu inasimama: chakula, masomo, dawa, yote. Apolline bila Kanyenge angekuwa mujane mwingine tu mwenye bassine kichwani, anafukuzwa kona mupaka kona. Alijua hivyo. Sisi wote tulijua.

Shida ni kwamba Kanyenge haikuwa yake. Kilima chote mupaka majini ni cha muzee Benoît, aliachiwa na baba yake. Ukiniuliza sheria, sheria inasema ukingo wa ziwa ni wa Serikali. Vizuri sana. Nenda ukawaelezee wenye majumba yaliyoingia majini mupaka kiunoni, watakusikiliza. Sisi huku chini tunafuata desturi, na kwa desturi udongo unapewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni bwasa: kila musimu unapeleka kasiksi, pombe yetu ya ndizi, unakaa, unatumia, lakini umekopeshwa tu. Mwenyewe akiamka vibaya anakuambia toka, unatoka. Na usipande kitu chenye kubaki. Viazi, sawa. Mugomba wa ndizi hapana, ju mugomba unazaa migomba, na mwenye migomba hatoki tena. Njia ya pili ni kalinzi: unaleta ng'ombe, unaitoa mbele ya watu, mwenye udongo anapokea kamba, basi, ni yako na ya watoto wako. Shemeji alikuwa kwenye bwasa. Miaka yote ile hakupanda hata mugomba mumoja.

Muzee Benoît si mutu mubaya. Ni mutu aliyechoka. Zamani alikuwa na ng'ombe nyingi, kila moja aliiita kwa jina lake. Vita ilipopita, wenye bunduki walizichukua zote asubuhi moja, hawakumuachia hata ndama. Tangu hapo zizi lake likabaki tupu, na kila asubuhi muzee analifagia. Hakuna ng'ombe, hakuna mavi, anafagia nini? Watoto wa kilima walicheka. Hata mimi nilicheka kidogo. Apolline, mutu wa Walungu, hakucheka.

Halafu akaja Patrice. Huyu alijaza mifuko kwenye dhahabu ya Luhwindja, sasa alitaka kujaza ziwa. Alisimama juu ya mawe ya Kanyenge na viatu vyeupe, akanyoosha mukono, akasema atajenga hoteli: hapa terrasse, hapa parking, hapa "vue panoramique". Pale kwenye parking palikuwa meza za shemeji. Aliziangalia mara moja, akafunga pua. Apolline akamuuliza kama iko na mafua.

Tukiwa katika hayo, bahari ikatufikia. Ndiyo, bahari. Kati ya Bukavu na bahari kuna milima, mbuga na nchi nzima za watu, lakini pesa ya wafadhili ilikuwa imeandikwa "matumbawe na pwani", na mutu fulani mwenye akili akagundua kwamba hata ziwa liko na pwani. Njo wakaja. Kiongozi wao alikuwa Professeur, mama wa makamo kutoka Tanga, miwani imefungwa na kamba shingoni. Alikuja na wenzake wa Bujumbura, wa Kigali, Wazungu wawili wa kuungua jua, na Luc, mutoto wetu wa hapa aliyesoma mambo ya maji. Hizi nchi zetu hazipatani hata ju ya kuku mumoja kuvuka mupaka, lakini wao walibanana ndani ya mutumbwi yangu, magoti kwa magoti, wakipatana vizuri kabisa ju ya joto la maji. Nilishangaa. Nilitaka niwaombe waende kupima na serikali zao.

Réunion ya kwanza walitundika shuka kwenye ukuta wa kanisa, wakatuonyesha picha za matumbawe: mawe yenye rangi ya kanga, samaki za njano zinatoka na kuingia. Tulipiga makofi kama kwenye harusi. Shemeji akasimama, akasalimia kwa Mashi, lugha yetu.

"Professeur, asinge. Hayo mawe yenye maua iko wapi?"

"Haya yako kwetu, Tanga."

"Na sisi tuko?"

"Mko Bukavu, mama."

"Aah bon. Hervé, uwape wageni chai. Wamepotea njia."

Watu walicheka mupaka padiri akatoka kuangalia. Lakini yule mama hakukasirika. Na Kiswahili chake, yooo! Kilikuwa safi hivi mupaka tuliona aibu kukohoa. Alisema kwao samaki wanaficha watoto wao ndani ya matumbawe, na wavuvi waliokubali kuacha kipande kimoja kipumzike wanavua zaidi pembeni yake. "Hapa hamna matumbawe, lakini mna mawe na majani, na samaki wenu nao wana watoto. Ninyi mtatuonyesha, sisi tutapima, kisha tutaamua pamoja." Muzee Benoît, aliyekaa mbele na kofia ya projet, hakusikia sana mambo ya watoto wa samaki. Alipenda neno. Njia yote ya kurudi nyumbani alikuwa anasema peke yake, "Matumbawe. Matumbawe," analionja kama bonbon.

Apolline hakupenda neno wala wenyewe. Kichwani mwake mutu wa kupima Kanyenge ni mutu aliyetumwa na Patrice, mwisho. Walipofunga kamba kwenye mawe kuonyesha mahali pa kuhesabia samaki, akaanika vikwembe vyake juu. Walipoweka boya la njano, akalivuta kwa muti mrefu, akalikalia. Luc alishuka kila asubuhi kuomba boya, na kila asubuhi alitukanwa pamoja na ukoo wake wote, kuanzia babu.

Siku moja Luc akachoka. Akamuambia, "Maman Apolline, njoo uone kwanza, ndiyo utukane." Walikuwa na bassine waliyoitoboa chini wakaweka kioo, ukiiegemeza juu ya maji unaona ndani kama dirishani. Shemeji akakataa mutumbwi. Luc akasema basi, anaogopa. Eh! Kumuambia mutu wa Walungu anaogopa, mbele ya wanamuke wenzake! Alipanda. Alinishika shati kwa nyuma mupaka vifungo viwili vikatoka, akataja watakatifu wote wa parokia, lakini alipanda.

Tulimupeleka kwanza kwenye mawe ya mbali, karibu na majani. Akaweka uso kwenye bassine. Tilapia zilikuwa pale, mama anazungukazunguka, watoto wadogo kama mbegu za mutama wanamufuata, wakiogopa wanarudi kinywani mwake. Shemeji akasema pole pole, "Angalia huyu mama. Angalia namna anawachunga." Halafu tukamupeleka chini ya meza zake, pale yeye na wenzake walikuwa wanaosha kwa sabuni bassine za sambaza, nguo na kila kitu ulimwengu umechafua. Akaangalia. Mawe yamefunikwa na uchafu mweupe, magamba, sachets za plastiki. Hakuna hata samaki moja. Aliangalia kwa muda mrefu, mimi nikafikiri amesinzia.

"Ni sisi?" akauliza.

"Ni sabuni," Luc akasema. Mutoto aliyelelewa vizuri.

"Mimi sikukuuliza sabuni."

Kesho yake boya lilirudi majini. Na kesho yake tena, mwanamuke yeyote aliyeshuka na sabuni Kanyenge alikutana na Apolline amesimama kati ya njia, mikono kiunoni. Kuosha ni juu, kwenye udongo, maji muchote na bidon, mupande nayo. Walimulaani. Muzee mumoja aliyeleta pikipiki yake kuiosha majini alirudi na matope yake yote. Projet ilikuwa na affiche za rangi ju ya kulinda ukingo, Wazungu walizibandika kwa uangalifu mukubwa. Shemeji yangu aliwafunika na mudomo tu.

Zaidi ya mwaka walipima. Wavuvi walionyesha, wao wakaandika, mimi nikaendesha. Mwisho wakatandika ramani mbele yetu sote: katika ukingo wote wa upande wetu, mahali pazuri zaidi pa samaki kuzalia ni mawe ya Kanyenge. Wakaomba yapumzishwe, mutu asivue pale, asijenge, asijaze mawe ya fondation. Wavuvi walikubali, ju hata wenyewe walikuwa wanaona sambaza inapungua. Wa Kigali alikubali, wa Bujumbura alikubali. Ilibaki signature ya muzee Benoît, na muzee Benoît aligeuza ile karatasi juu na chini, akairudisha. Patrice alishapita kwake na makreti ya bière, akaahidi mengine. "Nitafikiri," muzee akasema. Luc alirudi mara nyingi. Muzee alikuwa bado anafikiri. Projet ikaisha muda wake, muzee anafikiri.

Sasa njo tunafika kwenye nyama. Ju ya siku ya kufunga, budget ilikuwa na mustari wa chakula, na Professeur akaamua wachinje ng'ombe, watu wote wa mahali wakule. Luc akamuomba Apolline akainunue Walungu, ju anajua ng'ombe. Nikaenda naye kuvuta kamba. Sokoni kulikuwa na dume moja limenona, likitembea mafuta yanatikisika. Nililipenda pale pale. Shemeji alilipita kama haliko. Akaenda kwa mutamba mumoja mwembamba, muweusi, macho makubwa, akaishika chuchu, akaiangalia meno, akaiongelesha Mashi kwenye sikio.

"Shemeji," nikasema, "hii haina nyama. Hii ni mutoto. Watu wengi vile watakula nini?"

"Hervé, funga mudomo, kamata kamba."

Nilifunga mudomo, nikakamata kamba. Ningejua!

Siku yenyewe, Kanyenge ilijaa. Viti vya plastiki, bâche za kukinga jua, sono ya muziki, wakubwa wa commune na suti. Wapishi walikuwa wananoa visu kando, nikawapa hata ushauri ju ya maini. Professeur, mama wa adabu, akasema si vizuri kuchinja bila kumuonyesha muzee wa mahali na kumushukuru kwa kutupokea. Ila yeye, mama aliyezamia na papa baharini, aliogopa ng'ombe. Akauliza, "Nani atatusaidia kumkabidhi mzee?" Hata hakumaliza. Apolline alishakamata kamba.

Aliivuta mutamba mupaka mbele ya muzee Benoît. Akainama, akapiga makofi pole pole namna tunasalimia wakubwa, halafu akasema kwa ile sauti yake yenye kusikika mupaka Rwanda: "Muzee, ng'ombe yako njo hii. Mbele ya hawa watu wote. Tunakuomba Kanyenge, mawe yake na maji yake, samaki zipumuzike." Akanyoosha kamba.

Wageni walitabasamu. Sisi wa kilima tukaangaliana: hii ni kalinzi. Muzee aliangalia kamba. Akaangalia mutamba, na mutamba ikamunusa mukono. Alipokea kamba. Wazee wanamuke wakapiga vigelegele, Professeur naye akapiga makofi kwa furaha, wakubwa wa commune wakapiga makofi ju kila mutu anapiga. Muzee akageuka, akaanza kupanda kilima na ng'ombe yangu.

"Anampeleka wapi?" Professeur akauliza.

Mupishi akabaki na kisu hewani. Luc akajikuna kichwa. "Professeur," akasema, "nafikiri tumepewa Kanyenge."

"Hajasaini."

"Kwetu hii ndiyo kusaini."

Professeur akaangalia sufuria tupu, akacheka mupaka miwani ikaanguka kwenye kamba yake. Halafu tukakula wali na maharagi. Mimi sikucheka.

Projet ikaondoka, na affiche zikaliwa na mvua. Huko juu mutamba ilinenepa, ikapewa jina, na jina ni Matumbawe. Ungemusikia muzee jioni akiiita kilima kizima, "Matumbawe! Matumbawe weee!" Zizi alilolifagia tupu sasa lilikuwa na kitu cha kufagia. Na majini, sikiliza, mimi si mutu wa kusifu projet, lakini wavuvi waliotega nje ya mawe walianza kurudi na tilapia za kujaza mukono. Walisema ni maombi. Sawa, ni maombi.

Patrice hakuwa mutu wa maombi. Asubuhi moja camion ilimwaga mawe ya fondation juu ya ukingo, ikavunja meza mbili za shemeji. Apolline alisimama mbele ya camion ya pili. Chauffeur akapiga honi. Yeye akakaa chini, pale pale barabarani, akatandika kikwembe. Mimi nilikimbia kumuita muzee Benoît, na Luc akaja, na kilima chote kikateremuka.

Patrice alikuwa amejitayarisha. Alisema projet imekufa na marehemu hana shamba. Alisema muzee amekubali kumuuzia. Muzee aliangalia viatu vyake mwenyewe, ikaonekana kweli alikuwa amekubali kidogo, namna wazee wanakubali bière inapokuwa nyingi. Luc akatandaza ramani juu ya jiwe, akamupigia Professeur simu, akaweka haut-parleur ili sote tusikie. Yule mama akaeleza kutoka Tanga mambo ya mayai na mawe na wavuvi, vizuri kabisa. Patrice akapiga miayo.

"Samaki hazilali hotelini," akasema. "Hazilipi."

Hapo nikaona shemeji anaogopa. Sijawahi kumuona hivyo, hata kwenye kilio cha Josué. Aliniangalia kama mutu anayezama. Halafu akasimama, akajipangusa muchanga, akamugeukia muzee. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Muzee, kamba ya ng'ombe uliipokea mukononi mwa nani?"

Muzee akakohoa. "Mwako."

"Watu waliona?"

"Waliona."

Patrice akaruka. Eti ng'ombe ilikuwa ya projet, si ya huyu mama! Sauti ya Professeur ikatoka kwenye simu, safi kama kawaida: "Samahani, bwana. Katika ripoti yetu ng'ombe huyo ameshaliwa. Hatuna ng'ombe."

Watu wakacheka. Patrice akabadilisha. Akasema kwa desturi yetu sisi Bashi mwanamuke hapewi kalinzi, muulize mutu yeyote. Na hapo, niseme ukweli, watu wakaacha kucheka, ju wazee wengi wanafikiri hivyo. Nilitaka kumupiga ngumi. Shemeji akatingisha kichwa pole pole.

"Sawa, papa Patrice. Mimi ni mwanamuke. Kama kalinzi si halali, basi haikupokelewa. Muzee anirudishie ng'ombe yangu, na Kanyenge yake aiuze leo leo."

"Ng'ombe tu?" Patrice akacheka. "Nitamununulia kumi!"

"Nunua. Mimi nataka ile. Muzee, nenda ulete Matumbawe."

Muzee Benoît aliangalia camion, akaangalia mawe yaliyomwagwa, akaanza kupanda kilima peke yake. Tulimungojea. Mvua ikaanza, watu wakajibana chini ya bâche ya camion, Patrice akakaa ndani ya jeep yake na muziki. Shemeji alibaki inje, analowa, macho juu kwenye njia. Nilimupelekea shati langu ajifunike kichwa. Akalishika mukononi, hakulivaa. Alikuwa ametupa kitu chote alicho nacho juu ya ng'ombe moja na mutu mumoja muzee, na kama muzee angeteremuka na ile kamba, alikuwa amekwisha.

Muzee aliteremuka. Kofia ya projet kichwani, maji yanatiririka usoni, mikono mitupu. Alienda moja kwa moja kwenye jeep, akagonga kioo mupaka kikashuka.

"Mwanangu Patrice," akasema, "Matumbawe iko na mimba. Nilifika pale, ikanilamba mukono. Walinichukulia zote asubuhi moja, unasikia? Zote. Sasa uniambie mimi mwenyewe niende kuitoa?" Akanyoosha kidole kwenye ukingo. "Chukua mawe yako."

"Muzee, nimesema nitakuletea kumi!"

"Hizo kumi sizijui jina. Chukua mawe yako, mutoto. Kanyenge iko na mwenyewe."

Patrice alichukua mawe yake. Si siku ile, ju watu kama yeye wanachelewa kuelewa, lakini camion ilirudi ikayapakia, na nimesikia sasa anapenda sana kona moja upande mwingine wa ziwa. Tunawaombea samaki za huko.

Ungefikiri shemeji angefanya sherehe. Pole yako. Kitu cha kwanza mwenye Kanyenge alifanya ni kubomoa meza zake mwenyewe. Akazipeleka juu, nyuma ya njia, mbali na maji, ju magamba yalikuwa bado yanaanguka kwenye mawe. Sasa anapanda na bassine kichwani mara nyingi kwa siku, anapumua kama pompe. Kitu cha pili alinigeukia mimi. Mutumbwi yangu nilikuwa naifunga kwenye mawe tangu wakati wa Josué.

"Hervé, toa."

"Mimi shemeji yako!"

"Hata ungekuwa Papa wa Roma. Inakwaruza mawe. Toa."

Nilikasirika kweli. Nilikosa nyama, nilikosa vifungo vya shati, sasa nakosa na bandari! Nilienda pale asubuhi na maneno yangu tayari, mazuri, niliyapanga usiku mzima. Nikamukuta juu ya ukingo, amepiga magoti, anachimba na jembe dogo. Kando yake kulikuwa na chipukizi la mugomba, limefungwa kwenye jani, alilitoa kwao Walungu.

Akaliweka kwenye shimo, akalifukia, akaukanyagakanyaga udongo pembeni. Halafu akakaa chini karibu nalo, akalia. Alilia bila kujificha, mudomo wazi, kama mutoto. "Hervé," akasema, "miaka yote ile nilikuwa napanda viazi."

Nikateremuka kwenye mawe, nikafungua kamba, nikaondoa mutumbwi.